Nyongeza ya Mpaka Oktoba

Siku ile mjinga alikuwa Vernal Tackett. Hilo tulimalize mapema, maana hata yeye hakatai. Ukimuuliza leo atakuonyesha mtulinga wake ulioungana kombo, na atacheka kabla yako. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa Vernal mkuu alikuwa mkewe, na kilichovunjika kilikuwa bega.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kodi. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Arvella alimwachia mumewe vitu viwili mezani, kando ya biskuti na mchuzi mweupe: bahasha na kopo la kahawa. Kwenye bahasha mlikuwa na fomu ya kuomba nyongeza ya muda. Kwenye kopo mlikuwa na dola elfu mbili mia nane na sitini, noti zilizokunjwakunjwa mpaka zimekuwa laini kama vitambaa.

"Nenda posta," alisema Arvella. "Nunua hawala za posta, zitie humu pamoja na fomu, Bi Ova apige muhuri wa leo. Usipite popote."

"Kwani mimi mtoto?"

"Mtoto ningemwamini."

Nyongeza yenyewe haikuwa aibu. Vernal alikuwa na bredauni lake mwenyewe, la rangi ya machungwa, na kazi nyingi alizipata kwa klabu moja ya wenye magari: mtu akikwama bondeni, klabu inampigia Vernal simu, Vernal anavuta, mwisho wa mwezi wanamlipa. Mwaka ule klabu ilimtumia karatasi ya mapato iliyojaa safari ambazo hakuzifanya, nyingine hata za majimbo ambayo hajawahi kuyakanyaga. Ya kusahihisha ingekuja Mei. Kwa hiyo Arvella aliketi na risiti za dizeli, za matairi na za bima, akajumlisha na kutoa, akapata makisio.

"Ukikisia, kisia juu," alimwambia mumewe. "Kikizidi watakurudishia. Kikipungua watakifuata, tena na riba."

Na walikuwa na sababu ya kuogopa. Miaka miwili nyuma Vernal alikuwa amelala na deni la kodi mpaka watu wa kodi wakaanza kuliulizia bredauni. Arvella ndiye aliyewapigia magoti: wakakubali deni lile lilipwe kidogo kidogo, kwa sharti moja. Kodi ya kila mwaka mpya ilipwe kwa wakati, yote. Ukikosa mara moja mkataba umekufa, na bredauni linaondoka. Bila bredauni, Vernal alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na saba mwenye mgongo mbovu, katika bonde ambalo migodi yake ilifungwa zamani.

Haya. Sasa mtazame anavyopita popote.

Alipita kwa shemeji yake, Dorsey Ratliff, kaka yake Arvella, mwenye yadi ya magari mabovu pale Caney Fork. Dorsey alikuwa pande la mtu, shingo na mabega havijulikani vinapoachana, na alikuwa na winchi ya gari la jeshi, nzuri hata ungeweza kuiposa.

"Watu wawili wanakuja kuitazama mchana," Dorsey alisema. "Lakini wewe ni shemeji."

"Pesa niliyonayo ni ya kodi."

"Fomu hiyo umebeba ya nini?"

"Nyongeza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Oktoba."

Dorsey alimtazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyesimama nje ya zizi lililo wazi. "Serikali inakupa mpaka Oktoba, wewe unakimbilia kulipa Aprili? Shemeji, hata kanisani hawatoi sadaka kabla sahani haijapita. Lete kalamu." Akaichukua fomu, akalipiga mstari kadirio la Arvella, akaandika sifuri kubwa yenye tumbo. "Hapo. Winchi itakuingizia mara mbili mpaka Oktoba."

Kwa akili ya mtu wa bredauni jambo hilo lilinyooka kabisa. Vernal aliishi kwa kuongezewa muda: mwenye duka la matairi alimwongezea, muuza dizeli alimwongezea, na kila mara kuongezewa muda maana yake ilikuwa kutolipa sasa. Akatoa kopo. Akapakia winchi. Akarudi nyumbani akipiga honi kama bwana harusi.

Arvella alikuwa amesharudi kutoka kufua shuka za nyumba ya wazee. Alitoka barazani akiwa na kikaango cha chuma mkononi, mkate wa mahindi bado umo ndani.

"Muhuri umepigwa?"

"Nimefanya zaidi ya muhuri," Vernal alisema, akaigonga winchi kiunoni. "Tumeongezewa mpaka Oktoba, mama. Pesa itazaa."

Kikaango kilipita karibu na sikio lake, kikaingia kwa dirisha la bredauni na kutokea na kioo chote. Mkate ulibaki kwenye kiti.

"Wameongeza muda wa kuandika hesabu!" Arvella alipiga kelele. "Wa kuandika, Vernal! Wa kulipa hawajauongeza hata dakika! Kulipa ni leo!"

"Dorsey alisema..."

"Dorsey anaishi na mbwa!"

Vernal alisimama na vipande vya kioo mabegani. Ukweli ulimwingia polepole, kama maji ya baridi kwenye buti. Bredauni. Alilitazama, na kwa mara ya kwanza aliliona likiwa juu ya gari la mtu mwingine, likivutwa, yeye akiwa amesimama kando ya barabara.

"Posta inafungwa saa kumi na nusu," Arvella alisema. Alikuwa ameshaketi kwenye usukani, juu ya mkate na vioo. "Panda."

Dorsey aliwaona wakiingia yadini akajua. Noti alikuwa amezifunga kwa mpira, zimetuna kwenye mfuko wa shati lake.

"Winchi hii hapa," Vernal alisema. "Nirudishie."

"Mauzo ni mauzo, shemeji."

"Ni pesa ya kodi!"

"Ilikuwa. Sasa ni pesa ya ng'ombe. Nakwenda mnadani."

Vernal alinyoosha mkono kwenye mfuko ule, na hapo maneno yakaisha. Dorsey alimpiga ngumi moja ya tumbo iliyomkunja kama kisu cha mfukoni, kisha goti, uso ukaenda juu na pua ikafunguka. Vernal aliona anga, kisha akaona tope, kisha akamwona mbwa. Mbwa wa Dorsey hakuwa na ubaguzi; alimng'ata Vernal kigimbi cha mguu na kuning'inia pale akinguruma. Vernal aliinuka na mbwa mguuni, akamwendea Dorsey kwa kichwa. Paji la uso lilikutana na mdomo. Jino la mbele likatoka.

"Lilikuwa bovu hata hivyo!" Vernal alihema.

Dorsey alitema damu, akainama, akaokota wili spana. Pigo la kwanza Vernal alilikwepa, likatoboa mlango wa gari bovu. La pili lilitua kati ya shingo na bega. Mtulinga ulilia kama ukuni mkavu. Arvella aliusikia ule mlio kutoka kwenye usukani, na husema mpaka leo kwamba alidhani ni kitu cha gari.

Vernal alipiga magoti. Mkono wa kushoto haukuwa wake tena. Dorsey angeweza kummaliza, na uso wake ulionyesha kuwa alilifikiria. Aliinua spana. Akamwona dada yake anamtazama. Akaitupa.

"Unapigana kama unakanda unga, shemeji," alisema, akaingia kwenye pikapu yake, akawasha.

Sasa, katika bonde lile watu wa mabredauni wana sheria yao, na hakuna hakimu aliyewahi kuiandika: penye ajali, mwenye kulabu ya kwanza ndiye mwenye gari. Watu wamevunjana mbavu kwa sheria hiyo. Wamechomana bisibisi. Lakini hakuna aliyewahi kuikana, hata aliyeshindwa. Vernal hakuwaza. Arvella alikuwa ameshalirudisha bredauni nyuma, mkia kwa mkia na pikapu. Vernal alishika mnyororo kwa mkono mmoja mzima, akajirusha chini, akatia kulabu kwenye ekseli ya nyuma, akapanda nyuma ya bredauni, akavuta lever ya kunyanyulia. Mkia wa pikapu ukainuka. Dorsey akakanyaga mafuta, na magurudumu yakazunguka hewani yakimwagia kila mtu tope.

"Kulabu ya kwanza!" Vernal alipiga yowe. "Kulabu ya kwanza, mshenzi wewe!"

Arvella hakumngoja ashuke. Saa ilikuwa inakwenda. Bredauni liliruka kuingia barabarani, Vernal amekumbatia mlingoti wa kulabu kwa mkono mmoja, na Dorsey nyuma yao, ndani ya pikapu inayokwenda kinyumenyume, akiukata usukani kulia na kushoto kwa hasira. Pikapu ikayumba kama mkia wa mamba. Sanduku la barua la kina Hensley likaruka. La mchungaji likafuata. Masanduku manne ya barua yalilala kabla Dorsey hajaona kwamba usukani haumsaidii, akatoka kwa dirisha, akapanda nyuma ya pikapu, akaja. Mkononi alikuwa na mpini wa jeki.

"Simamisha!" alinguruma.

"Mwambie dada yako!"

Mpini uligonga mlingoti, cheche zikaruka. Ukagonga tena, ukamkuta Vernal ubavuni. Vernal alimpiga teke la goti. Dorsey aliuachia mpini, akamshika koo kwa mikono yote miwili na kumlaza juu ya ile winchi mpya. Barabara ilikuwa inapita pembeni ya kichwa cha Vernal, karibu kiasi cha kusikia kila kokoto. Akaanza kuona giza lenye madoa. Alimshika Dorsey sikio kwa meno, na hakuliachia, kwa sababu kila kitu kingine mwilini mwake kilikuwa kimeshaachia.

Mbele yao, kwenye njia ya reli, taa nyekundu zikaanza kuwaka. Treni ya makaa ya mawe. Arvella alikanyaga breki kwa miguu miwili.

Wote wawili walirushwa kwenye mlingoti. Pikapu, iliyokuwa haina habari, ikaja nayo. Dorsey alinyoosha mkono kujizuia, mkono ukaingia kati ya mnyororo na bampa, na mnyororo ukakaza.

Mlio aliotoa ulishindana na honi ya treni.

Vernal alijikokota mpaka kwenye lever. Angeishusha kidogo tu, mnyororo ungelegea. Akaweka mkono juu yake, akatulia hapo. Damu ya pua ilikuwa inaingia mdomoni, na alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile mpaka leo halimfurahishi akilikumbuka.

"Pesa kwanza, shemeji."

"Vidole vyangu! Vernal! Vidole!"

"Nimesikia. Pesa."

Arvella alikuwa ameshuka. "Vernal, mshushe."

"Akishuka anatoroka."

"Ni kaka yangu. Mshushe!"

"Na gari letu je?"

Dorsey alikata shauri mwenyewe. Kwa mkono wa pili alichomoa lile furushi mfukoni, akalirusha kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, si kwa Vernal, bali mtaroni. "Kazitafuteni na vyura!"

Vernal akaishusha lever. Mnyororo ukalegea. Vidole viwili vilitoka vikiwa bapa na vyeusi, na Dorsey akaketi barabarani akivitazama kama si vyake. Arvella naye alikuwa mtaroni, maji yamemfika kiunoni, na mabehewa ya makaa yanapita moja baada ya jingine juu ya kichwa chake. Mpira wa furushi ulikuwa umekatika. Aliokota noti kwenye majani, kwenye chupa za bia, kwenye mizizi. Vernal alishuka kumsaidia akaanguka kifudifudi; akaokotea hapo hapo alipoangukia.

Treni ilipoisha, walipanda wote watatu kwenye bredauni. Dorsey hakuwa na namna, pikapu yake ilikuwa imefungwa nyuma. Aliketi katikati, vidole vimefungwa kwa aproni ya dada yake, kiwiko chake kikimgusa Vernal mtulinga kila penye kona, na sidhani ilikuwa bahati mbaya.

"Umeniuma sikio kama mbwa," Dorsey alisema.

"Mbwa wako ndiye aliyenifundisha."

"Nyamazeni," Arvella alisema.

"Angeniua, Arvella," Vernal alisema.

"Nilisema nyamazeni! Wewe, kaka, ukamwua huyu, huyu akakukata vidole, halafu kodi nalipa mimi na nani? Na mbwa?"

Bi Ova Slone, mkuu wa posta na karani wake pekee, alikuwa ameshashusha dirisha nusu. Aliwatazama: mwanamke aliyelowa mpaka kiunoni, na wanaume wawili ambao hata mama zao wangewauliza majina.

"Hiyo damu ni ya nani?"

"Tumechangia," Vernal alisema.

"Nahitaji hawala za posta tatu, Bi Ova," Arvella alisema. "Mbili za elfu moja moja, ya tatu ya mia nane na sitini."

Aliweka noti kwenye kaunta. Zilikuwa na tope, majani na nyingine konokono mdogo. Bi Ova alizihesabu kwa ncha za vidole, akipangusa kila moja kwa kitambaa, na Vernal alihisi kila noti ikipita kwenye bega lake. Zilitimia. Alipokea pumzi yake kama mtu anayerudishiwa chenji.

Arvella alikuwa amekunjua fomu. Ile sifuri yenye tumbo ilikuwa inamtazama.

"Iache tu hivyo," Vernal alimnong'oneza. "Mradi pesa inaingia."

"Hii inaitwa kadirio. Unaandika unachoamini unadaiwa. Ukiandika uongo unaoujua, nyongeza yenyewe wanaweza kuifuta, na sisi tumerudi kwenye yadi ya Dorsey." Akaikata sifuri mara mbili, akaandika kadirio lake juu, herufi kubwa, tarakimu kubwa. Tone la pua ya Vernal likaanguka pembeni ya karatasi. Akalifuta kwa kiganja, likaacha alama ya waridi.

Bahasha ikafungwa. Bi Ova akaigeuza, akavuta pumzi, akainua muhuri. Ulishuka kwa kishindo kimoja, tarehe ya leo, safi. Bredauni lilikuwa lake.

Dorsey alipiga kaunta kwa mkono uliobaki.

"Sasa mnisikilize! Bi Ova, wewe ni shahidi. Nimeibiwa. Mwite sherifu."

"Sherifu?" Vernal alicheka, akajuta, ubavu ulikuwa umevunjika pia. "Umwambie nini? Kwamba ulishindwa na mtu wa mkono mmoja?"

"Nitamwambia nimevutwa barabara nzima kama maiti ya ng'ombe! Pesa alinipa kwa mkono wake mwenyewe, mchana, hakuna aliyemlazimisha. Winchi kachukua. Biashara imeisha. Pesa ya mume ni ya mume, akishaitoa imetoka, hata Biblia inajua hivyo. Zile dola ni zangu!"

"Zilikuwa zangu!"

"Zangu, nasema! Zimo kwenye bahasha hiyo na ni zangu! Ifungue, Bi Ova!"

Bi Ova aliivuta bahasha kwake, mkono mwingine ukiwa kwenye simu. Alimtazama Arvella.

Arvella alikuwa anakamua maji ya mtaro kwenye pindo la gauni lake. Hakuinua hata sauti.

"Si zako wala si zake, kaka. Ni za serikali tangu mwaka jana, sisi tulikuwa tunawatunzia tu. Kama unazidai, anwani yao hiyo hapo juu ya bahasha. Waandikie, weka jina lako kamili na unapoishi. Watafurahi sana, miaka yote hii walidhani umekufa."